Mayai Viza ya Kanja

Simu ya Mama Ruguru iliingia saa nne, Kinya akiwa na kikombe cha chai mkononi katika karakana ya Runyenjes, na kabla hajasikia neno lolote alijua ni habari mbaya. Wateja ambao mayai yao yametotoa hawapigi simu. Wanatuma picha ya vifaranga ndani ya kikapu, na maandishi machache ya kumshukuru Mungu.

"Kinya, haya mayai," alisema Mama Ruguru. "Siku imefika na imepita. Hakuna kitu."

"Hata moja, mama?"

"Mawili yalitoboka jana. Vifaranga wakachungulia, halafu wakanyamaza."

Kinya aliweka kikombe juu ya meza ya kuchomelea nyaya. Alisema anakuja. Mama Ruguru akamuuliza anakuja lini, naye akajibu sasa hivi, sauti yake ikatoka nyembamba kiasi kwamba Gitobu, fundi wa stima, aliinua kichwa upande wa pili wa karakana.

Karakana hiyo ni ya Bwana Nyamu, na kazi yake ni kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Sanduku la plaiwudi, taa za kutia joto, feni ndogo, trei ya mayai, na kifaa cha kuwasha na kuzima taa joto likipanda au kushuka. Kinya alifika hapo miaka sita iliyopita kutoka kwao Nkubu, baada ya kuolewa na mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa upande wa Embu, na alianza kama muuzaji. Alijua kuongea na watu, na alijua kusikiliza wanapolalamika, jambo ambalo Nyamu mwenyewe hakulipenda. Siku moja Nyamu alirudi kutoka semina Nairobi akiwa na maneno mapya, akampa Kinya cheo cha msimamizi wa bidhaa. Joyline akachukua kazi ya kuuza. Kinya akaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye ataamua mashine iweje, ni ya nani, na itoke lini, na kwamba mafundi wote watamsikiliza yeye.

Alikipokea cheo kwa furaha na kwa hofu. Alipokuwa muuzaji, mashine ikiharibika alikuwa anaileta kwa fundi na kusema, angalieni hii. Sasa hakuwa na mtu wa kumletea.

Mashine mpya, ile kubwa ya vikundi, ilikuwa mtoto wake. Alikuwa ameipigania tangu mwanzo wa mwaka. Akina mama wa vyama walikuwa wakimwambia kwamba mashine ndogo inatosha jikoni kwa mtu mmoja lakini haitoshi kikundi, na yeye akamshawishi Nyamu, akakaa na Gitobu kuchora, akabishana na seremala juu ya unene wa mbao. Za kwanza zilipotoka, chache zilikwenda Siakago na nyingine zikapanda Kanja na vijiji vya juu yake. Za Siakago zilitotoa vizuri sana. Nyamu akazichukua picha za vifaranga wa Siakago, akampelekea afisa wa miradi wa kanisa fulani lililotaka kuwapa akina mama wake mashine, na afisa akaagiza arobaini. Zilitakiwa kabla ya mwezi wa Agosti kuisha. Plaiwudi ilikuwa imeshanunuliwa na kupangwa ukutani hadi dirishani, na karakana nzima ilinuka gundi.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililomtia Kinya baridi aliposikia sauti ya Mama Ruguru. Wiki iliyotangulia, mteja mwingine wa upande huohuo wa Kanja alikuwa amelalamika. Joyline alimwambia mteja huyo kwamba kuku wake walitaga bila jogoo, na Kinya alipoelezwa, alikubali upesi. Alikubali kwa sababu alitaka iwe hivyo.

"Gitobu," alisema. "Pikipiki yako ina mafuta?"

"Iko nayo."

"Twende Kanja. Na Bwana Nyamu akiuliza," alimgeukia Joyline, "mwambie tumekwenda kwa mteja. Usiseme uongo, lakini usimwambie zaidi ya hapo mpaka nirudi."

Joyline alimtazama kwa wasiwasi. "Ni nini, Madam?"

"Bado sijui."

Ilikuwa mwisho wa Julai, na kuanzia wanapoacha Runyenjes kupanda, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani chai. Mvua nyembamba isiyolowesha mara moja ilimpiga Kinya usoni. Nyuma ya mgongo wa Gitobu alikuwa akihesabu sababu zote ambazo zingekuwa za mtu mwingine. Labda stima ilipotea siku mbili mfululizo. Labda mama huyu alisahau kugeuza mayai. Labda kweli huku juu watu wote wamechinja majogoo wao. Aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa akitamani mojawapo iwe kweli, lakini hakuacha kutamani.

Mama Ruguru ni mjane wa miaka sitini na kitu, mweka hazina wa kikundi cha wanawake kumi na wawili, na mayai yaliyokuwa kwenye mashine hayakuwa yake peke yake. Alikuwa ameyakusanya nyumba kwa nyumba. Aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili, akawakaribisha sebuleni, akaenda kuleta chai kabla ya kuulizwa lolote. Kinya alikaa ukingoni mwa kiti akiangaza macho. Aliona makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na kabati la vyombo. Pembeni palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake redio, picha ya marehemu mumewe ndani ya fremu, na chupa ya chai.

"Mama," Kinya alimuuliza Mama Ruguru aliporudi na vikombe, "mashine iko wapi?"

"Si ni hiyo."

Kinya alitazama tena. Chini ya kitambaa kile kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi kulikuwa na mashine yake. Gitobu naye alikuwa ameona. Alianza kuinuka, lakini Kinya alimgusa mkono na kumzuia.

Alikuwa na maneno tele mdomoni. Alitaka kueleza hewa inaingia wapi na inatoka wapi, na kwa nini. Lakini alijua kwamba akianza kueleza hatajua chochote zaidi, na mama huyu atatia kila kitu chumvi ya kumpendeza. Kwa hiyo akasema, "Mama, nionyeshe tu vile unafanyanga kila siku. Kama sisi hatuko hapa."

Mama Ruguru alipiga magoti mbele ya mashine. Aliukunja upindo wa blanketi juu kidogo tu, kama mtu anayemfunua mtoto uso, akafungua mlango wa mbele. Akaangalia kipimajoto, akakisoma kwa sauti, na kilikuwa sawa kabisa. Akajaza maji kwenye kikopo. Akavuta mkono wa kugeuzia trei. Akafunga, akateremsha blanketi, akanyoosha kitambaa kwa viganja vyake viwili hadi mikunjo ikaisha. Hakuna alichokosea. Kila alichofundishwa alikuwa anakifanya, na kwa uangalifu kuliko Kinya mwenyewe.

"Na blanketi, mama?"

"Joyline ndiye alituambia. Stima ikipotea, funika na blanketi joto lisitoke." Alimtazama Kinya, kisha Gitobu, kama anayeanza kuhofia. "Huku stima inapotea kila siku. Na hii baridi mnaiona. Nikasema hata ikirudi, kwa nini nimfunue mtoto?"

"Na redio?"

"Sasa ningeweka wapi? Imechukua mahali pa meza."

Waliyatoa mayai nje, kwenye kibaraza, wakayavunja moja moja juu ya gunia. Gitobu ndiye aliyevunja. Mayai ya mwanzo yalikuwa sawa na yaliyofuata: kifaranga kamili, manyoya yamelowa, kucha zimekamilika, kichwa kimegeukia upande ule mnene wa yai ambako huwa kuna hewa. Baadhi midomo yao ilikuwa imekwisha kugusa ganda. Mama Ruguru alisimama akiwa ameshika kingo za leso yake.

"Walikuwa wamemaliza kila kitu," alisema.

Kinya alikuwa ameelewa. Kifaranga ndani ya yai hahitaji hewa nyingi siku za mwanzo. Anaihitaji mwishoni, anapokuwa mkubwa na anajiandaa kutoka. Mashimo ya hewa ya mashine ndogo yalikuwa ubavuni. Ya mashine kubwa yalikuwa juu, kwenye kifuniko, kwa sababu mwezi wa Aprili yeye Kinya aliamua yahamishwe. Ubavuni seremala alilazimika kutoboa mbao mbili na kuziba kwa wavu mara mbili. Juu anatoboa mara moja. Walikuwa wanachelewa, na hiyo ilionekana njia nzuri ya kuokoa muda. Waliijaribu mashine karakanani wiki nyingi na ikatotoa bila shida. Karakanani hakuna mtu anayeweka kitambaa cha kufuma juu ya kitu chochote. Siakago nako kuna joto, nani ataifunika kwa blanketi?

Kisha akakumbuka kitu kingine kuhusu kikao kile cha Aprili. Gitobu alikuwa amesema, "Lakini Madam, haya mashimo yakikaa juu..." na yeye akamjibu, "Tutaangalia hiyo baadaye," na wakaendelea na habari ya rangi. Baadaye haikuja. Hakumuuliza, na Gitobu, ambaye si mtu wa kusema jambo mara mbili, hakulirudia.

Hakupata nafasi ya kulifikiria zaidi, kwa maana wazo jingine lilimjia. Mama Ruguru alikuwa wa pili kulalamika, lakini mashine zilizopanda huku zilikuwa zaidi ya mbili. Nyingine zilikuwa na mayai hai ndani yake saa hiyohiyo.

Alimpigia Joyline akiwa palepale kibarazani.

"Chukua namba za wote wa huku juu. Mpigie kila mmoja, mwambie aondoe kila kitu kilicho juu ya mashine. Kitambaa, blanketi, kila kitu. Sasa hivi, si jioni."

"Niwaambie wamekuwa wakiitumia vibaya?"

"Hapana. Waambie mashine ina kasoro na kosa ni letu."

"Madam, nikisema ni kosa letu watataka pesa zao."

"Watataka. Lakini angalia, Joyline. Watu wazima wa nyumba mbili tofauti wakikosea kwa njia ileile moja, basi si wao wamekosea. Anza na wale walio kwenye wiki ya mwisho."

"Na mimi ndiye niliwaambia blanketi," alisema Joyline, sauti imeshuka.

"Uliwaambia vile tulivyokuambia. Piga simu kwanza. Hayo tutaongea."

Baada ya muda mfupi Joyline alirudi hewani. Wote walikuwa wamepatikana isipokuwa Mwalimu Njeru. Simu yake ilikuwa inalia bila kushikwa, na yeye ndiye mayai yake yalibakisha siku mbili tu.

Mwalimu Njeru alikuwa amestaafu na anakaa juu zaidi, karibu na msitu. Wakapanda pikipiki tena. Njia ilikuwa tope tupu, na mara mbili Kinya alishuka akasukuma. Walipofika walikuta mlango umefungwa kwa kufuli, na mbwa akabweka hadi jirani akatokea kwenye ua. Mwalimu amepeleka majani chai, akasema jirani. Wakageuka. Wakamkuta kwenye kituo cha kununulia majani, yuko katikati ya foleni na magunia yake, simu ameiacha nyumbani kwenye chaji.

Kinya alimsalimu, akajitambulisha, akaeleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Mwalimu Njeru alimsikiliza huku amekunja uso.

"Kwa hiyo nimeuziwa kitu ambacho hakijakamilika," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa ubishi, sasa hakupata cha kubishia. Alimwachia mwenzake magunia, akapanda pikipiki nyuma ya Kinya, wakarudi watatu.

Mashine ilikuwa kwenye chumba cha watoto waliokwisha kuhama. Juu yake palikuwa na mablanketi manne yaliyokunjwa vizuri, na juu ya mablanketi sanduku la nguo. Gitobu alilishusha sanduku. Kinya aliyaburuta mablanketi yote kwa pamoja hadi sakafuni. Mashimo yakaonekana, maduara manne madogo yenye wavu, na harufu nzito ya joto iliyokaa muda mrefu ikatoka. Gitobu alifunga dirisha ili kuwe giza, akachukua yai moja, akalimulika kwa tochi ya simu kutoka chini. Kinya aliinama karibu, mkono wake ukiwa mdomoni. Ndani ya wekundu ule kulikuwa na kivuli kizito, na ukingoni mwa kivuli, kwenye nafasi ya hewa, kitu kama mdomo kilisogea.

"Huyu yuko," alisema Gitobu.

Aliyamulika mengine machache. Mengine yalisogea, mengine hayakusogea, na yaliyotulia hawakuweza kujua kama ni wazima wamelala au wamekufa. Mwalimu Njeru aliuliza ni wangapi watatoka. Kinya alisema hajui. Alitamani sana kumwambia idadi fulani, hata ya kubahatisha, lakini alijizuia.

Walirudi Runyenjes alasiri. Nyamu alikuwa anawangoja, na Joyline alikuwa amekaa kona yake, macho chini. Nyamu si mtu mbaya. Ni mtu aliyeanza kwa kutengeneza pasi na redio za watu kibandani, na kila anaposikia kelele ya hasara hujiona akirudi kwenye kibanda kile. Kinya alimweleza yote akiwa amesimama. Alisema arobaini za kanisa zisitoke zikiwa hivyo.

"Tutabandika karatasi juu," alisema Nyamu. "Maandishi makubwa. Usifunike."

"Hiyo karatasi itakaa chini ya kitambaa, Bwana Nyamu."

"Wafundishwe, basi. Joyline apande awafundishe."

"Atawafundisha wanawake arobaini. Nyumbani kila mmoja ana mkwe, ana watoto, kuna siku ya baridi. Siku moja mtu ataweka kitu juu. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu ningeweka."

Nyamu aliuzunguka mlima wa plaiwudi na kurudi. "Nilimpa yule afisa neno langu. Tukichelewa anakwenda Nairobi, kuna watu wanazo tayari. Nani alitoa wazo la kupeleka mashimo juu?"

"Mimi."

"Na nani alichora? Fundi hakuona? Hakuna mtu hapa ndani aliyeona?"

Kinya alijua kwamba Gitobu, aliyejifanya anapanga misumari, anasikia kila neno. Lingekuwa jambo rahisi kusema tulikaa wote tukakubaliana, na lingekuwa nusu ya kweli.

"Uamuzi ulikuwa wangu. Ndiyo kazi uliyonipa. Nipe mwezi mmoja. Kesho niruhusu niende mwenyewe kwa afisa, nimwambie kabla hajasikia kwa watu wa Kanja."

"Na akivunja oda?"

"Atakuwa ameivunja akijua ukweli. Akina mama wake wakipoteza mayai mwezi wa tisa, hataishia kuvunja oda. Hatanunua kwetu tena hata msumari."

Nyamu hakusema ndiyo. Alichukua kofia yake akaondoka, na Kinya akabaki bila kujua kama ameruhusiwa au amefukuzwa. Jioni hiyo, nyumbani, mumewe Mukiri alimuuliza mara mbili kama chakula hakina chumvi. Asubuhi kulikuwa na ujumbe wa Nyamu kwenye simu: Nenda.

Afisa wa kanisa alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kusema ukweli, na kisha akapunguza oda kutoka arobaini hadi kumi na tano. Nyingine alizinunua kwa watu wa Nairobi, kama Nyamu alivyohofia. Kinya alirudi akajaribu kuieleza habari hiyo kwa namna isiyouma, akashindwa. Nyamu hakuzungumza naye karibu wiki nzima. Alikuwa akipitisha maneno yake kwa Joyline, hata walipokuwa chumba kimoja.

Katikati ya wiki hiyo, mayai ya Mwalimu Njeru yalitotoa. Vifaranga walitoka zaidi ya nusu kidogo. Mwalimu alipiga simu mwenyewe, akasema hajaridhika lakini amewaona wakitembea. Kinya aliingia stoo ya gundi akakaa juu ya mkebe wa rangi mpaka alipoweza kutoka tena.

Siku iliyofuata aliwaita Gitobu, seremala na Joyline. Hakuwahi kufanya kikao cha namna hiyo. Zamani alikuwa akija na orodha kichwani na kuipitia haraka, kwa sababu aliogopa kwamba wakianza kuongea hawatamaliza. Sasa alianza kwa kumgeukia Gitobu.

"Mwezi wa nne ulitaka kuniambia kitu kuhusu mashimo, nikakukata. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Gitobu alisugua shingo. "Ah, Madam. Mimi hata sikuwa nafikiria blanketi. Nilikuwa nafikiria vumbi. Kwamba yakikaa juu vumbi litaingia kwa mayai."

Seremala alicheka, na Joyline akacheka, na Kinya mwenyewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Kanja. Lakini baadaye alilirudia neno hilo peke yake. Gitobu hakuwa na jibu sahihi. Hakuna aliyekuwa nalo. Lakini kama angemwacha amalize habari ya vumbi, mashimo yangerudi ubavuni, na mayai ya akina mama kumi na wawili yangekuwa kuku.

Siku hiyo walikaa hadi chakula cha mchana kilipoa. Mashimo yalirudi ubavuni, mbele na nyuma. Seremala akauliza kama mtu hawezi kusukuma mashine hadi ukutani akayaziba ya nyuma, wakaongeza vipande vya mbao nyuma vya kuiweka mbali na ukuta. Joyline ndiye aliyesema juu paache kuwa sawa kama meza. "Kama ni bapa, mtu ataona ni mahali pa kuweka kitu. Mimi ningeona." Wakakipa kifuniko mteremko kama paa la nyumba. Nyamu alipita, akaiangalia mashine yenye paa, akasema inafanana na banda la mbwa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Kinya tangu ile siku, na Kinya aliyapokea kwa shukrani.

Hazikutoka mara moja. Kinya alisisitiza kwamba ya kwanza ikakae Siakago kwenye joto, ya pili kwa jirani yake Runyenjes, na ya tatu kwa Mama Ruguru, na hakuna nyingine itakayotoka mpaka zote tatu zitotoe. Karakana ilimpa Mama Ruguru mayai mapya ya kikundi chake chote. Wiki zile za kungoja zilimkondesha Kinya. Alikuwa akipanda Kanja bila taarifa, anakaa sebuleni kwa Mama Ruguru na kikombe cha chai, anatazama tu. Mara ya pili alikuta blanketi limefungwa kiunoni mwa mashine kama leso, chini ya mashimo, baridi isiingie miguuni. Halikuzuia chochote. Aliliacha, akaenda kumwambia Gitobu.

Mayai ya Kanja yalitotoa katikati ya Septemba, si yote, lakini mengi. Mama Ruguru alisema anashukuru, ila sasa hana mahali pa kuweka redio yake. Za kanisa, zile kumi na tano, zilitoka mwezi wa kumi. Krismasi ilipofika afisa aliagiza nyingine sita. Hazikufikia arobaini, na Nyamu hukumbusha hivyo kila anapoona gundi iliyoganda.

Kinya bado yuko karakanani. Watu wanaomjua husema ametulia, na yeye huwaacha waseme. Kila mashine mpya ikikaribia siku ya kutotoa, chai humshinda vilevile, na humwuliza Mukiri mambo ambayo mwalimu wa hesabu hawezi kuyajibu. Kilichobadilika ni kidogo na hakionekani kwa mgeni. Jumatatu moja ya Februari walikuwa wanapitia mkono mpya wa kugeuzia trei, aliokuwa ameupenda sana na ambao Nyamu alikwisha kuwatajia wateja. Joyline, aliyekuwa akimwogopa, aliinua mkono mbele ya wote.

"Madam, huo mkono. Nimejaribu nikiwa na mtoto mgongoni, kama vile wateja hufanya. Nafikiri kuna shida."

Kinya alimgeukia. Alitazama saa ukutani, akatazama mikono mipya iliyokwisha kukatwa na kupigwa msasa, imepangwa kwenye boksi tayari kufungwa. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Endelea," alisema. "Maliza yote."